Matundu ya Sindano Kiunoni

Benchi lililo mbele ya kibanda changu cha ushonaji nililiweka kwa ajili ya wateja. Nalisema hili mapema, maana ukipita hapa utadhani mimi ndiye nimekuja kujibanza na cherehani yangu kwenye benchi la watu. Upande wa ukutani hukaa Wakili, anayeuza chaja na vifuniko vya simu, ambaye mahakamani aliingia mara moja tu, tena kama shahidi, akatolewa nje kwa kuongea sana. Katikati hukaa Dokta. Wagonjwa wake ni redio, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumlalamikia. Birika, muuza kahawa, alikuwa akizunguka mtaa mzima, lakini tangu benchi lipate mfadhili hatoki hapa. Na karibu na mlango wangu hukaa Hendibreki, dereva mstaafu wa malori, mtu ambaye hata ukimsalimia husimama kwanza, akafikiri, ndipo akaitikia. Mfadhili wa kahawa ni mkwe wake mtarajiwa, kijana mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Tangu alipoleta posa, benchi zima linakunywa kwa hisani yake. Harusi ni Jumamosi hii. Gauni liko kwangu, linaning'inia kwenye msumari, na mimi siku hizi usingizi unanipita kando.

Gauni lenyewe ni la mkono wa pili. Mkwe alitaka kununua jipya, Hendibreki akakataa. Alisema binti yake ataondoka nyumbani akiwa amevaa kitu alichonunua baba yake, hata kama mtu mwingine alishakivaa. Kwa hilo nilimheshimu. Akasikia kuna mwanamke analiuza lake, nyumba ya geti la bluu kule chini, akaenda peke yake akarudi nalo ndani ya mfuko wenye zipu, jeupe, safi, halina hata alama ya jasho. Akaniambia, Fundi, hili ni roho yangu, lishike vizuri.

Leo asubuhi nikafanya kosa la kufungua dirisha la nyuma. Jua likaingia likapita katikati ya gauni, na Wakili, ambaye macho yake hayajawahi kufunzwa adabu, akaona.

— Fundi, hilo gauni limeliwa na wadudu?

Nikamwambia hakuna mdudu. Hayo ni matundu ya sindano. Satini ni kitambaa chenye kinyongo: ukishaipitisha sindano, hata ufumue uzi wote, tundu linabaki pale pale. Ningeishia hapo ingekuwa heri yangu.

— Mbona yamejipanga mistari?

Dokta akainuka, akaingia ndani bila kuvua viatu, akasogeza uso hadi nikaogopa atalipulizia kahawa.

— Mistari mitatu, — akatangaza kama anasoma taarifa ya habari. — Huku mitatu na huku mitatu. Na kila mmoja umeingia ndani kuliko mwenzake.

Wote wakanigeukia. Nikawaeleza kifundi tu, kwamba aliyelivaa mwanzo lilimpwaya kiunoni, likapunguzwa. Likampwaya tena, likapunguzwa tena. Halafu tena.

Hendibreki akashusha kikombe chake taratibu.

— Mbona mara tatu? Alikuwa hajapimwa?

— Alipimwa, mzee. Alikuwa anapungua.

Hapo ndipo nilipolikosa benchi langu kwa siku nzima. Fundi yeyote atakuambia: ukitaka kazi isiende, wape wanaume wasio na kazi jambo la mwanamke wasiyemjua.

Dokta ndiye aliyeanza, kwa kuwa cheo chake kilimruhusu. Alisema huyo bibi harusi alikuwa mgonjwa. Mtu hapungui hivyo hivyo, mara tatu, huku anaandaa sherehe.

— Hiyo ilikuwa wodi, wala si harusi, — akasema. — Walikuwa wanamharakisha avae kabla hajamalizika.

— Unamtibu mtu hujawahi hata kumwona, — Wakili akamkata. — Mgonjwa angeahirishiwa. Hapa hatuna mtu mmoja, tuna watu watatu. Mnene, wa kati, mwembamba. Hilo ni gauni la kukodisha. Mzee, samahani kwa neno nitakalosema, lakini wewe umeuziwa basi la abiria ukaambiwa ni gari la familia.

Kwa dereva, hilo ni tusi. Hendibreki akasimama kidogo ndani ya kichwa chake, kama kawaida yake, kisha akasema kwamba yule mwanamke hakumwambia kitu kama hicho. Wakili akataka kujua alimwambia nini basi. Mzee akaangalia chini.

— Nilimuuliza kama litamtosha binti yangu. Akasema, likimtosha, vizuri. Lisipomtosha, pia vizuri.

Birika, aliyekuwa anamimina, akaacha kumimina.

— Hakusema hongera?

— Hakusema.

— Mtu anakuuzia gauni la harusi, unamwambia ni la binti yako, hasemi hongera?

— Alinipa mfuko, akafunga geti.

Nikaona mkono wa mzee ukipangusa goti lake, ukapangusa tena mahali pale pale. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mwenzetu hajalala vizuri tangu siku ile ya geti la bluu, na kwamba sisi sasa tunammalizia kabisa. Binti ni wake huyo mmoja. Mama yake hayupo. Akikosea kwenye hili, hana pa kurekebishia.

Katikati ya hayo akafika mama mmoja, mpangaji mpya wa nyumba ya kona, na begi la shule la mwanawe lililokufa zipu. Nikamwambia asubiri kidogo, kuna mtu namsubiri kwa kazi ya haraka. Waungwana wa benchi hawakusogea hata inchi. Birika ndiye aliyemgeuzia kreti akakaa, begi mapajani, akisikiliza kama mtu aliyewasha redio akakuta mchezo umefika katikati.

Kuwepo kwa mgeni kuliwatia ari. Birika akatoa maelezo kwamba huenda mwanamke hakupungua hata kidogo, ila gauni ndilo lilikuwa linanenepa. Nguo ikikaa gizani, alisema, inavuta unyevu, inatanuka. Yeye alikuwa na koti, kila akilitoa sandukuni analikuta limekua.

— Lile koti ni la kaka yako, — Dokta akamkumbusha. — Tangu siku ya kwanza lilikuwa linakufika magotini.

Wakili alikuwa ameshafika mbali kuliko wote. Aliinama mbele, akashusha sauti, akaangalia barabarani kushoto na kulia.

— Magendo.

— Toka hapa.

— Nisikilizeni. Mwanzo gauni lilikuwa pana kwa sababu kiunoni kulikuwa na mzigo. Anavuka mpaka na maua yake mkononi, askari gani atampekua bibi harusi? Akafikisha sehemu ya mzigo, gauni likapunguzwa. Akafikisha nyingine, likapunguzwa tena.

— Mzigo gani? — Hendibreki akauliza, na uso wake ulionyesha kwamba anauliza kweli.

— Sasa mzee, mimi nitajuaje mzigo wa watu?

Dokta akacheka peke yake, halafu akasema lake la mwisho, na hili alilisema kwa mzaha kabisa. Alisema labda ni bwana harusi. Labda alimtaka mwembamba. Kila akija kumtazama anasema bado, punguza, bado, punguza.

— Mwanaume gani anampima mke kama anapima mlango? — Wakili akauliza.

— Muulize mkwe wetu. Si ndiye anayeuza milango?

Tukacheka. Hata mimi nilicheka, siwezi kujitoa. Birika akapitisha raundi nyingine ya mkwe, na kila mtu akanyoosha kikombe. Hendibreki peke yake hakucheka. Aligeuka akanitazama pale mlangoni.

— Fundi. Wewe umeshika nguo za watu umri wako wote. Nguo inaweza kubeba mambo ya mwenyewe ikamhamishia mwingine?

Mimi nikachukua pini kwenye kopo, nikaziweka mdomoni. Ndiyo kinga yangu hiyo. Mtu akiona fundi ana pini mdomoni hategemei jibu, na mimi jibu nililokuwa nalo sikutaka litoke.

Kwa sababu kuna jambo benchi halikulijua. Siku gauni lilipoletwa, lilimbana yule binti. Mzee aliona mwenyewe, akasononeka, akadhani amenunua dogo. Nikamwambia asijali, nafasi ipo. Nikafumua mshono wa ndani kabisa, nikarudi hadi kwenye mstari wa kwanza, ule mpana, likamkaa sawasawa, na mzee akatoka nje akiwa amefurahi kama ameegesha lori mahali pagumu. Binti aliporudi mara ya pili, likawa limelegea. Nikashona mstari wa pili. Alipokuja tena, nikashona wa tatu. Sindano yangu ilikuwa ikiingia humo humo kwenye matundu ya fundi mwenzangu nisiyemjua, tundu kwa tundu, wala sikuhitaji chaki. Nilijiambia mabibi harusi wote hupungua kidogo. Wasiwasi, pilikapilika, kulala kwa shida. Nilijiambia hivyo mara nyingi, na kila nikijiambia nilikuwa natazama msumarini.

Binti akafika jua likiwa limekolea, amevaa sweta. Akasema shikamooni kwa wote pamoja, wakaitikia marahaba, bibi harusi, na Dokta akamwambia anazidi kupendeza, amekuwa kama mwanamitindo. Alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Simu ilikuwa mkononi, si mfukoni. Baba yake alimshika kidogo begani alipokuwa anapita, mkono ukabaki hewani baada ya bega kupita.

Nyuma ya pazia alivaa mwenyewe, nikaitwa nifunge zipu. Kabla sijashika kitu, simu ikalia. Akapokea upesi, kabla ya mlio wa pili, kwa sauti ya chini.

— Ndiyo. Kwa fundi. Ndiyo, baba yupo nje. Hapana, sijala. — Akamsikiliza mtu wa upande wa pili. — Kweli sijala.

Nikasema moyoni, huyu mkwe anajali kweli, mpaka chakula anauliza. Nje nikamsikia Wakili akisema mapenzi hayo, na Birika akisema yeye mkewe humpigia anapotaka mkaa tu. Nikafunga zipu. Ikapanda bila kushikwa na chochote. Nikakusanya kitambaa kiunoni, upande wa kulia, nikaushika mshono wangu wa mstari wa tatu nione kama umemkaa, na vidole vyangu vikaupita. Vikaendelea. Vilipogusa mwili, vilikuwa vimefika kwenye satini laini, safi, isiyo na tundu hata moja. Huko hakuna fundi aliyewahi kufika.

Nikabandika pini. Nikamwomba binti radhi kwa kumchoma, akasema hujanichoma. Nikatoka nje nimebakiza pini nyingine katikati ya midomo, nikajifanya natafuta mkasi.

— Limekaaje? — Hendibreki akauliza.

Nikaonyesha mdomo wangu.

— Siku ya kwanza lilimbana, — akawaeleza wenzake kwa fahari kidogo, kama anawakumbusha kwamba ana binti mwenye afya. — Fundi akalipanua mpaka mwisho. Leo limekaaje, Fundi?

Wakili akasema bila shaka limekaa vizuri, mbona amepungua vizuri. Dokta akasema wanawake wa siku hizi ndivyo wanavyotaka. Birika akasema kahawa imebaki ya raundi moja, nani anaongeza.

Ndipo yule mama wa kwenye kreti akafungua kinywa. Alikuwa ametazama pazia muda mrefu, na sasa akamtazama mzee. Hakupandisha sauti.

— Samahani, baba. Mara ya mwisho kumwona huyu binti anakula ilikuwa lini?

— Jana, — Hendibreki akasema papo hapo.

Akasimama hapo. Tuliona akirudi kwenye hiyo jana, akiitafuta. Jana binti alimpakulia, akamwekea maji, simu ikalia, akaingia chumbani. Akajaribu juzi. Juzi alisema ameshakula kazini. Jumapili alikuwa anaumwa kichwa. Midomo ya mzee ilikuwa inasogea bila kutoa neno, na kila siku aliyoikamata ilikuwa na sahani moja mezani, sahani yake yeye.

Akamgeukia Wakili. Wakili, ambaye ana jibu la kila kitu chini ya jua, akaanza kupanga chaja zake. Dokta akakumbuka kwamba wiki iliyopita binti alikaa pale pale, akaletewa maandazi, akayagawa. Alipolisema hilo kwa sauti, alijuta. Kila mmoja wetu alimwona yule binti karibu kila siku, na kila mmoja alikuwa na neno zuri la kusema kuhusu umbo lake.

Nikatoa pini mdomoni. Nilizitoa zote nikaziweka kiganjani, kwa sababu sasa hazikunifaa kitu. Sauti niliyoisikia nyuma ya pazia ilinirudia, na mara hii niliisikia ilivyokuwa. Mtu anayebembelezwa ale hasemi vile. Vile husema mtoto anayeulizwa kama amegusa kitu alichokatazwa.

— Mzee, — nikasema. — Nimemsikia kwenye simu. Anaulizwa kama amekula. Na anaapa kwamba hajala.

Nikaona maneno yanamwingia polepole, kama kila kitu kinavyomwingia. Kisha nikamwambia na lile lingine, la mistari, wa kwanza na wa pili na wa tatu, na kwamba leo nimeipita yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuniuliza kwa nini sikusema mapema, na ningependa angeniuliza.

Birika alikuja na birika lake, mazoea tu yalimleta, akasimama mbele ya benchi na ile raundi ya mwisho ya mkwe. Hakuna aliyenyoosha kikombe. Akakaa chini kwenye vumbi, birika likabaki katikati ya miguu yake.

Simu ikaanza kulia tena nyuma ya pazia. Ikalia mara ya pili, ya tatu. Haikupokewa. Alikuwa ametusikia, kibanda changu ni cha mbao, hakifichi kitu.

Hendibreki akaingia. Akasimama mbele ya pazia, hakuligusa, mikono imemning'inia kama ya mtu aliyeshushwa mahali asipopajua.

— Mama, — akamwita binti yake. — Livue hilo gauni. Twende nyumbani tukale.

Simu ilikuwa inalia. Yule mama wa kwenye kreti alikuwa amelikumbatia begi kifuani, na Wakili alikuwa amesimama, jambo ambalo hatujawahi kuliona bila mvua.

— Tukishakula, baba, — sauti ikauliza, ndogo, — nitarudi kulivaa?

Tulimtazama mzee wote. Watu wamealikwa, ukumbi umeshikwa, mkwe amenywesha mtaa. Ni mtu ambaye husimama hata kabla ya kuitikia salamu, na tulikuwa tayari kumsubiri.

Hakusimama.

— Likikutosha, vizuri, — akasema. — Lisipokutosha, mama, pia vizuri.

Simu ililia mpaka ikanyamaza yenyewe. Kisha tukasikia zipu ya gauni ikishuka.